Nani Aliyekufinyanga?

Mwaka 1911 mapadri wa Kiitalia waliokuwa wakianzisha misheni katika nchi ya Waacholi, kaskazini mwa Uganda, waliwauliza wazee swali ambalo wao waliliona jepesi kuliko yote: nani aliyewaumba? Anayetusimulia kisa hiki ni Okot p'Bitek, yule yule wa Wimbo wa Lawino, katika kitabu chake kuhusu namna wasomi wa Kimagharibi walivyoziandika dini za Kiafrika. Anasema lugha ya Waacholi haikuwa na neno la kuumba kwa maana waliyoikusudia mapadri, yaani kuleta kitu mahali ambapo hapakuwa na kitu. Swali likatafutiwa njia nyingine ya kupita, likawa: nani aliyewafinyanga? Wazee wakashangaa. Chungu hufinyangwa, mtu huzaliwa na mama yake. Mapadri wakashikilia kuwa lazima kuna jibu. Hapo mzee mmoja akakumbuka kwamba wapo watu ambao kweli hufinyangwa: wale wanaozaliwa wazima, kisha wakapatwa na kifua kikuu cha uti wa mgongo, mgongo ukapinda wakawa vibiongo. Anayewafinyanga hivyo anajulikana. Jina lake Rubanga.

Jibu likapokewa. Rubanga, nguvu mbaya inayokunja migongo ya watu, akatangazwa kuwa muumba wa mbingu na nchi, na jina hilo limebaki katika sala za Kikristo za Waacholi mpaka leo.

Kisa hiki kimenikaa kichwani tangu nilipoanza kusoma maandishi ya wamisionari kwa ajili ya tasnifu yangu ya uzamili. Ukikisimulia, watu hucheka. Mimi sioni kama kinawahusu mapadri peke yao. Tazama jinsi visasili vya uumbaji vinavyolinganishwa katika vitabu vingi, vya darasani na vya watu wazima: linachorwa jedwali. Safu ya kwanza, muumba. Ya pili, dunia ilitokana na nini: maji, yai, giza, maneno. Ya tatu, binadamu wa kwanza. Ya nne, kifo kilitoka wapi. Kisha kila kabila na kila dini inapangiwa mstari wake, na msomaji anaambiwa atazame jinsi binadamu wote wanavyofanana. Kila safu ya jedwali hilo ni swali la padri. Ina hakika kwamba jibu lipo kabla haijauliza, na ikikosa jibu itachukua jina lolote lililo karibu.

Si kwamba kufanana hakupo. Kupo, na wakati mwingine kunatisha. Kitenzi chetu wenyewe, kuumba, ni cha mfinyanzi. Mzizi wake umetapakaa katika lugha za Kibantu: Muganda akisema okubumba, anazungumzia vyungu, na Mzulu akisema ukubumba, mikono yake imo kwenye udongo. Kiebrania cha sura ya pili ya Mwanzo kinatumia, kwa Mungu anayemfanya Adamu kwa mavumbi, kitenzi kinachozaa neno la mfinyanzi katika lugha hiyo. Kurani nayo inasema mtu aliumbwa kwa udongo mkavu unaolia kama chombo cha mfinyanzi. Wababiloni, Wagiriki na Wachina wana masimulizi yao ya udongo. Popote watu walipojifunza kupika udongo, walipata mfano ulio tayari: kitu laini kisicho na umbo, mikono, kisha kitu kinachosimama chenyewe na kinachoweza kuvunjika. Hilo ni jambo la kweli, lakini linakwisha haraka. Ukishajua kwamba wote wana udongo, bado hujajua hata mmoja wao alikuwa akisema nini.

Tuwachukue Wazulu. Henry Callaway, mmisionari wa Kianglikana huko Natal, alianza mwaka 1868 kuchapa kitabu kuhusu dini yao, na alifanya jambo ambalo wachache wa wakati wake walilifanya: aliyaandika majibu ya watu kwa Kizulu chao, na tafsiri ya Kiingereza pembeni. Kwa hiyo hata pale anapokosea kutafsiri, sauti ya pili ipo. Aliuliza na kuuliza kuhusu Unkulunkulu, jina ambalo askofu Colenso alikuwa ameshalichagua liwe la Mungu wa Wakristo. Majibu hayakukaa pamoja. Wapo waliosema Unkulunkulu alivifanya vitu vyote. Wapo waliosema ni mtu wa kwanza kabisa, mzee wa wazee, aliyechomoza kwenye matete, akaoa, akazaa, akafa. Hasifiwi wala hatambikiwi kwa sababu sifa zake zimeshasahauliwa, na kila ukoo una wazee wake wa karibu wa kuwaangukia. Na kitenzi walichokitumia kwa kutoka kwake huko hakikuwa cha kufinyanga. Kilikuwa cha kupasuka, kuchanika, kumeguka kutoka kwenye kitu kingine kama chipukizi linavyoachana na shina.

Unkulunkulu huyo huyo ndiye aliyemtuma kinyonga awaambie watu kwamba hawatakufa. Kinyonga akakawia njiani akila matunda, mjusi akatumwa nyuma yake na ujumbe wa kinyume, akafika kwanza. Ukimweka kwenye jedwali, aende safu ipi? Muumba, au binadamu wa kwanza? Callaway alijaza kurasa nyingi kwa swali hilo. Ninavyoona mimi, waliokuwa wakimjibu hawakuwa wakizungumzia chanzo cha ulimwengu hata kidogo. Walikuwa wakizungumzia nani ni mkubwa kwa nani, na unawajibika kwa wazee wa ngapi kurudi nyuma.

Ndiyo maana siku hizi nikikutana na kisasili cha uumbaji, kabla sijauliza kinasema dunia ilianzaje, natafuta ugomvi. Nani alikuwa anabishana na nani siku kilipoandikwa? Visasili maarufu kuliko vyote, vile ambavyo kila jedwali huanza navyo, vinalijibu swali hili vizuri sana.

Mwaka 1876 George Smith, Mwingereza aliyeanza maisha kama mchongaji wa noti za benki na akajifundisha mwenyewe kusoma maandishi ya kikabari, alitoa kitabu kuhusu vibao vya udongo vilivyochimbwa Ninawi, katika maktaba ya mfalme Ashurbanipal. Miongoni mwa vibao hivyo mlikuwa na utenzi wa Babiloni ambao leo tunauita Enuma Elish, kwa maneno yake ya kwanza. Una vibao saba. Unaanza na maji mawili yaliyochanganyika, Apsu wa maji baridi na Tiamat wa maji chumvi. Ndani yao wanazaliwa miungu vijana, nao wana kelele. Apsu halali. Anataka kuwaua wanawe ili apate usingizi, lakini Ea, mmoja wa vijana hao, anamwahi. Tiamat mjane anakusanya majoka ya kulipiza kisasi na kumfanya Kingu jemadari wake. Miungu wanatetemeka. Ndipo anajitokeza Marduk, kijana, na kabla ya kushika silaha anataja bei: nikimshinda, neno langu ndilo litakalokuwa sheria juu yenu nyote. Wanakubali mezani, wameshakunywa pombe. Marduk anampiga Tiamat kwa upepo na mshale, kisha anampasua vipande viwili kama samaki wa kukausha. Mtu wa pwani hahitaji maelezo hapo. Ameshamwona ng'onda akitandazwa juani. Kipande kimoja kinakuwa mbingu.

Na binadamu? Wanafanywa kwa damu ya Kingu aliyechinjwa, kwa kazi moja: wafanye kazi ili miungu wapumzike. Baada ya hapo inajengwa Babiloni, na utenzi unaishia kwa kuyataja majina 50 ya Marduk.

Kwa hiyo ulimwengu mzima ulikuwa ukielekea kwenye mji mmoja na hekalu moja. Utenzi huu ulisomwa mbele ya sanamu ya Marduk siku ya 4 ya sikukuu ya mwaka mpya. Kesho yake mfalme alivuliwa alama za ufalme, kuhani akampiga kofi la uso, akapiga magoti na kuapa kwamba hakuupuuza mji. Baada ya kurudishiwa vitu vyake alipigwa tena, na machozi yakimtoka ilikuwa ishara njema. Ashuru, maadui wa kaskazini walioiteka na kuibomoa Babiloni mwaka 689 KK, hawakuutupa utenzi huo. Walinakili vibao, na katika baadhi ya nakala wakaliondoa jina la Marduk na kumweka mungu wao wenyewe. Sijaona ushahidi ulio wazi kuliko huo wa kwamba watu wa kale walijua vizuri hadithi hii ilikuwa inafanya kazi gani. Hukuhitaji ulimwengu mwingine. Ulihitaji kubadilisha jina la mshindi.

Mji huo huo, miaka 100 na kitu baadaye, ulipokea mateka kutoka Yerusalemu, ambayo majeshi ya Nebukadneza yaliichoma karibu na mwaka 586 KK. Wataalamu wengi huiweka sura ya kwanza ya kitabu cha Mwanzo katika miaka ya uhamisho huo au muda mfupi baada yake. Mjerumani Hermann Gunkel alionyesha mwaka 1895 kwamba neno la Kiebrania la vilindi vya maji, tehom, lina undugu na jina la Tiamat. Baadaye wengine walisema undugu huo ni wa maneno ya babu mmoja, si wa mzazi na mtoto, na nadhani wako sahihi. Lakini huhitaji neno hilo. Isome sura ile kama mtu aliyekuwa akipita barabara za Babiloni na kusikia sherehe ikiendelea nyuma ya ukuta. Maji yapo, lakini hayana jina wala mume, na hayapigani na mtu. Jua na mwezi, ambao Wababiloni waliwaabudu, hawatajwi kwa majina. Zinaitwa taa tu, moja kubwa na moja ndogo, nazo zinatundikwa siku ya 4 kama mtu anavyotundika kandili baada ya nyumba kuwa tayari. Majoka ya baharini yanaumbwa siku ya 5, pamoja na samaki wengine. Hakuna vita, hakuna hekalu, hakuna mji.

Kisha inakuja pumziko. Babiloni, miungu hupumzika kwa sababu watu wanafanya kazi. Katika sura hii Mungu anafanya kazi mwenyewe, anapumzika mwenyewe, na siku ile inawekwa wakfu. Katika amri zilizojengwa juu yake, mapumziko yanashuka mpaka kwa mtumwa na ng'ombe. Kwa watu waliokuwa mateka, hilo halikuwa suala la elimu ya nyota. Karne nyingi baadaye ubishi uliendelea: Kurani, ambayo haisimulii uumbaji mahali pamoja bali inaurudia vipande vipande katika sura nyingi, inasema katika sura ya Qaf kwamba mbingu na ardhi ziliumbwa kwa siku sita na uchovu haukumgusa Muumba. Wafasiri wengi waliisoma kama jibu kwa wale wanaosema alipumzika.

Jedwali lingesema: siku sita, siku sita, zinafanana.

Kitabu cha Mwanzo kilipofika Mombasa kilikuta wenyeji wakimjua Adamu zamani sana. Johann Ludwig Krapf alianza kukitafsiri kwa Kiswahili mwaka 1844 akisaidiwa na kadhi wa mji. Sura tatu za mwanzo zilichapwa katika jarida la wasomi wa Marekani mwaka 1847, na ni miongoni mwa maandishi ya kwanza kabisa ya Kiswahili kupitia mtambo wa chapa. Napenda kuwawazia wawili hao, mmoja akitafuta maneno, mwingine akijua hadithi hiyo hiyo kwa mpangilio tofauti na kunyamaza, au pengine kutonyamaza. Lakini bara hali ilikuwa nyingine. Huko Mwanzo kiliingia kama kipimo, na kila hadithi ya wenyeji ikabidi isimame kando yake ionekane ni ndefu au fupi kiasi gani.

Jambo kama hilo lilikuwa limeshatokea upande wa pili wa bahari. Katika miaka ya 1550, wazee wa Wak'iche' wa Guatemala, miaka thelathini hivi baada ya Wahispania kuuchoma mji wao mkuu, waliandika kwa herufi za Kilatini kitabu cha Popol Vuh, ambamo miungu wanajaribu kumtengeneza mtu kwa tope, akayeyuka. Kwa mti, akawa hana moyo, mpaka sufuria na mbwa wake wakamgeukia. Na mwishowe kwa mahindi. Waandishi wanasema waziwazi kwamba wanaandika wakiwa ndani ya Ukristo. Tunacho kitabu hicho kwa sababu padri mmoja, Francisco Ximénez, alikinakili mwanzoni mwa karne ya 18.

Kwetu aliyeandika namna hiyo kwa makusudi kabisa alikuwa Jomo Kenyatta. Kitabu chake cha mwaka 1938 kuhusu Wagikuyu, kilichotokana na masomo yake London chini ya Bronisław Malinowski, kinafungua kwa uumbaji. Ngai anampeleka Gikuyu juu ya Kirinyaga na kumwonyesha nchi chini yake: mito, mabonde, misitu, wanyama. Anamwonyesha mahali penye mikuyu mingi, anamwambia ajenge hapo. Anamkuta Mumbi, mke aliyeandaliwa. Wanapata mabinti tisa, mabinti wanapata waume baada ya sadaka, na koo zinachukua majina yao. Wanaume walipokuja kupindua utawala wa wanawake, wanasimulia, walishindwa jambo moja: wanawake walikataa majina ya koo yaguswe. Na jina la Mumbi lenyewe linatokana na kitenzi kile kile cha kufinyanga. Mfinyanzi hapa ni mama, na yuko nyumbani.

Ungeweza kukiweka kisa hiki kando ya bustani ya Edeni na kuridhika. Lakini angalia tarehe. Sheria ya ardhi ya mwaka 1915 iliifanya ardhi yote ya koloni, hata ile iliyokaliwa na wenyeji, kuwa mali ya Mfalme wa Uingereza. Mwaka 1921 mahakama ilisema Waafrika ni wapangaji tu juu yake, wanaoweza kuondolewa. Mwaka 1934 tume iliyoongozwa na Morris Carter ilitoa ripoti iliyoikinga mipaka ya ardhi za walowezi. Miaka minne baadaye anatokea mtu na hati ya kumiliki iliyo ya zamani kuliko Ufalme wa Uingereza, iliyotolewa mlimani na mwenye mlima. Katika kesi hiyo, kisasili kilikuwa kielelezo cha ushahidi.

Sura inayofuata ya kitabu hicho inaeleza jambo jingine: sehemu ya nchi hiyo Wagikuyu waliinunua kwa mbuzi na kwa undugu wa kiapo kutoka kwa Wandorobo, wawindaji waliokuwako kabla. Kwa hiyo ardhi ilitolewa na Ngai, na pia ilinunuliwa. Wapo wanaoona hapo mkanganyiko. Mimi naona wakili mwenye hoja mbili, moja kwa ajili ya Mfalme na moja kwa ajili ya mahakama. Kinachonisumbua ni Wandorobo. Katika kitabu hicho wao ni wauzaji; hakuna aliyewapandisha mlimani kuwaonyesha chochote.

Nimeacha Kintu mwishoni kwa sababu ndiye anayeonewa zaidi na jedwali. Apolo Kagwa, Katikkiro wa Buganda na Mprotestanti, alimweka wa kwanza katika orodha ya wafalme kwenye historia yake ya mwaka 1901. John Roscoe, mmisionari rafiki yake, alikiandika kisa cha mbinguni katika kitabu cha mwaka 1911. Kintu yuko peke yake na ng'ombe wake. Nambi, binti wa Ggulu, anampenda. Baba mkwe anampa majaribio: ale chakula cha kulisha umati, achanje kuni kutoka kwenye mwamba, ateke mtungi wa maji yasiyo ya kisima wala ziwa. Anashinda. Wanaambiwa waondoke upesi na wasirudi nyuma kwa chochote, ili Walumbe, kaka yake Nambi, asiwafuate. Njiani wanakumbuka wimbi la kuku. Wapo wanaosimulia kwamba aliyerudi ni Nambi, wapo wanaosema Kintu. Walumbe anawafuata. Walumbe ni kifo.

Wengi husimama hapo: amri, mwanamke, kosa, kifo, Hawa amepatikana. Lakini hadithi haisimami hapo. Walumbe anakaa nao duniani na hamuui mtu. Watoto wanazaliwa. Kisha anamwomba Kintu ampe binti mmoja wa kumpikia. Ni mjomba, anaomba mpwa, katika nchi ambayo upande wa mama una haki zake kwa watoto. Kintu anakataa. Anaombwa tena, anakataa. Ndipo watoto wanapoanza kufa. Ggulu anamtuma kaka mwingine, Kayiikuzi, amkamate Walumbe na kumrudisha nyumbani. Watu wote wanaamriwa wakae ndani kimya, na yeyote atakayemwona asipige kelele. Watoto waliokuwa nje na mbuzi wanamwona Walumbe akichomoza ardhini, wanapiga kelele, naye anazama tena. Kayiikuzi amechoka, anapanda kurudi mbinguni, na shemeji anabaki chini ya ardhi huko Ttanda, ambako mashimo yake yanaonyeshwa hadi leo, na deni lake halijalipwa.